Tazama Lami: Embakasi Katika Picha za Zamani

Mteja akiniletea picha ya zamani ya uwanja wa ndege, macho yangu huanzia chini. Habari za nyuso atanipa mwenyewe: huyu ni baba, huyu ni shangazi, huyu mtoto anayelia sasa ni daktari Kisumu. Mimi nataka kwanza kuona wamesimama juu ya nini, kivuli chao kimelalia upande gani, na nyuma yao kuna ndege ya aina gani. Hapo nikigeuza picha na kutazama mgongo wake, mara nyingi nitakuwa nimeshajua ni ya mwaka gani kabla hata hajamaliza kunitajia majina.

Kazi yangu ni kusafisha picha na kuzitengeneza zilizoharibika. Nilifunzwa katika chumba cha giza cha studio moja ya River Road, Nairobi, enzi ambazo picha nyeusi na nyeupe ndizo zilizotulisha. Siku hizi watu huniletea albamu za wazazi wao waliofariki, nizipige skana, nitoe madoa ya ukungu, nirudishe weusi uliopauka. Ndani ya albamu hizo, baada ya harusi na ubatizo, kitu ninachokutana nacho zaidi ni uwanja wa ndege wa Embakasi. Vijana wa leo wanaujua kwa jina la Jomo Kenyatta, na wengi wao wanadhani ulianza na jengo lile la duara lenye foleni za teksi. Picha zina mambo mengi zaidi ya kusema, na moja ya mambo hayo limenikaa rohoni miaka mingi.

Nairobi ilikuwa na ndege kabla ya kuwa na Embakasi. Mwaka 1929 mjane mmoja Mwingereza, Florence Kerr Wilson, alianzisha kampuni ya Wilson Airways akiwa na ndege moja ndogo aina ya Gipsy Moth, yenye mabawa mawili yaliyopandana na viti vilivyo wazi upeponi. Uwanja wao ulikuwa upande wa magharibi wa mji, na mwaka 1962 ulipewa jina lake, Wilson, tunalolitumia hadi leo. Picha za wakati huo ni za majani, hema na wazungu waliovaa miwani ya upepo. Mwafrika akionekana, ameshika bawa ili ndege isipeperuke, na hakuna aliyeandika jina lake.

Vita vya pili vya dunia vilipokwisha, serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ziliunda shirika moja, East African Airways, lililoanza kazi mwaka 1946 kwa ndege sita za Dragon Rapide. Abiria wa safari za mbali walitumia Eastleigh, uwanja ambao ulikuwa pia wa jeshi la anga la Uingereza. Hapo ndipo Binti Mfalme Elizabeth aliposhuka na mumewe tarehe 1 Februari 1952, na picha za siku hiyo zimechapishwa dunia nzima. Siku tano baadaye baba yake alifariki Sandringham, Uingereza, naye akawa malkia akiwa bado katika ardhi ya Kenya. Alirudi kwao bila kupitia Nairobi. Dakota ya East African Airways ilimchukua Nanyuki hadi Entebbe, na huko akapanda ndege kubwa.

Entebbe ilikuwa mbele yetu wakati huo. Tarehe 2 Mei 1952, ndege ya kwanza ya jeti duniani kubeba abiria wa kulipa, Comet, iliondoka London kwenda Johannesburg, na katika Afrika Mashariki ilitua Entebbe. Eastleigh ilikuwa imebanwa na mji, haikuwa na pa kukulia. Watawala wa Nairobi wakataka uwanja wa jeti wa kwao, wakachagua tambarare ya Embakasi, kilomita 15 hivi kutoka katikati ya jiji, kule ambako twiga na nyumbu walikuwa wakitoka Athi kuja kunywa maji.

Yeyote aliyewahi kujenga hata kibanda Embakasi anaujua udongo wake. Ni mweusi, mzito, unanata. Mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unapasuka nyufa za kuingia mkono. Ukijenga juu yake bila kuuondoa, ukuta utakupasukia mwaka wa pili. Kwa nyumba ya vyumba viwili, fundi atakuambia uchimbe mpaka ufike kwenye mwamba, kisha urudishie mawe na kokoto. Sasa fikiria udongo huo chini ya barabara ya kurukia ndege, barabara pana inayokwenda kilomita kwa kilomita, itakayobeba mashine za tani nyingi zinazoshuka kwa kishindo. Kuna mikono iliyofanya kazi hiyo.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Tarehe 24 Aprili 1954 askari waliizunguka Nairobi katika msako walioupa jina la Anvil, wakawakamata maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakawapakia kwenye malori na treni kuelekea kambi za Lang'ata, Manyani na Mackinnon Road. Embakasi kulijengwa gereza, na wafungwa na mahabusu wa Mau Mau wakapewa kiwanja cha ndege wakijenge. Walikijenga kwa mikono, maelfu yao, wakifanyishwa kazi usiku na mchana ili tarehe ya wakubwa isipite, katika hali mbaya ya kulala na kula. Wanahistoria wameyaandika hayo, na Caroline Elkins wa Marekani aliyaeleza katika kitabu chake kuhusu kambi za Kenya kilichotoka mwaka 2005. Lakini wazee wa Kiambu, Murang'a na Nyeri hawakusubiri kitabu.

Katika albamu zote zilizopita mikononi mwangu, sijakuta hata picha moja ya kazi ile. Sishangai. Nani angempa mahabusu kamera? Waliokuwa na kamera Embakasi kati ya 1954 na 1958 walikuwa wahandisi, maofisa na wapiga picha wa serikali, na hao huelekeza lenzi kwenye kilichomalizika.

Mama mmoja wa Limuru aliniletea picha ya rangi ya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ilikuwa imegeuka nyekundu kote, kama zinavyogeuka picha za rangi za miaka hiyo, maana wino wa kibuluu ndio huchoka kwanza hata albamu ikikaa gizani. Familia nzima imejipanga mbele ya jengo la abiria: kaka yake mkubwa yuko katikati na suti na mkoba, anakwenda kusoma Ulaya, mama yao ana kitambaa kichwani, watoto wana soksi zilizopandishwa hadi magotini. Nikamuuliza, "Dada, na mzee yuko wapi?" Akanijibu kwamba mzee alikuja nao safari yote, wakafika, akakataa kushuka kwenye gari. Alimuagia mwanawe dirishani. Walidhani ni machozi anaficha. Miaka mingi baadaye ndipo mama yao alipowaambia kwamba baba alikaa gereza la Embakasi akivunja kokoto, na alikuwa ameapa kutokanyaga tena ile ardhi. Niliirudishia ile picha rangi zake, nikaipunguzia wekundu mpaka ngozi za watu zikawa ngozi. Pembeni kabisa, upande wa kushoto, kuna ncha ya bampa ya gari. Aliniomba nisiikate.

Tangu hapo sikati tena pembe za picha bila kuuliza.

Uwanja ulifunguliwa mwaka 1958. Mama yake Malkia ndiye aliyetarajiwa kuufungua, akiwa njiani kutoka Australia, lakini ndege yake iliharibika injini akachelewa, na Gavana Baring mwenyewe, yule aliyetangaza hali ya hatari, akasimama badala yake. Jengo lilikuwa upande wa kaskazini wa barabara ya kurukia, na lilikuwa na roshani ya wasindikizaji. Hiyo roshani ndiyo iliyojaza albamu za Kenya. Mtu mmoja akisafiri, watu ishirini walikuja kumuaga: jamaa wa kijijini waliokodi basi, mwalimu mkuu, mchungaji, majirani. Walipanda juu, wakaegemea ukingo, wakapunga leso. Wengine walikuja Jumapili bila kumsindikiza mtu yeyote, wakanunua soda, wakakaa kutazama ndege zinavyoshuka.

Picha nyingi za roshani zina kasoro ileile, na mimi naipenda. Mpiga picha wa familia, na kamera yake ya sanduku isiyo na uwezo wa kuvuta mbali, anangoja mpaka ndugu yake afike juu ya ngazi ya ndege. Ndugu anageuka, anainua mkono. Kamera inabonyezwa. Ukisafisha ile filamu unapata ndege nzima, lami nyingi mno, na juu ya ngazi kitu chenye ukubwa wa punje ya mchele. Familia imetunza punje hiyo miaka sitini. Ninapoikuza sana inavunjika kuwa chembe za fedha, uso unapotea kabisa, lakini mkono ulioinuliwa unabaki unaonekana.

Kati ya walioinua mkono hivyo ni wanafunzi 81 walioondoka Nairobi Septemba 1959 kwa ndege ya kukodi kwenda kusoma Marekani. Tom Mboya, akiwa bado kijana chini ya miaka thelathini, alizunguka Marekani kuwatafutia nafasi za masomo, na nauli yao ilichangwa na Wamarekani wa kawaida pamoja na watu mashuhuri kama Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Mwaka 1960 fedha za wakfu wa familia ya Kennedy ziliwezesha mamia wengine kufuata, na mmoja wao alikuwa msichana wa Nyeri aliyekwenda chuo cha watawa huko Kansas, Wangari, ambaye baadaye dunia ilimjua kama Wangari Maathai. Watu huniambia kwamba baba yake Rais Obama alikuwa ndani ya ndege ile ya 1959. Hakuwamo. Aliondoka mwaka huohuo kwa safari yake mwenyewe kwenda Hawaii.

Wanafunzi wale walitembea hadi ndegeni juu ya lami iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Wengine kati yao walikuwa watoto wa watu waliofungwa, na hali ya hatari ilikuwa bado haijaondolewa. Jambo hilo huwa nalifikiria kila ninapoona zile suti mpya.

Ukitaka kujua picha yako ni ya mwaka gani, anza na ndege. Ikiwa mkia umekaa chini na pua imetazama juu, ni Dakota, na abiria wake walipanda mlima ndani ya ndege kufika viti vya mbele. Injini nne zilizozama ndani ya mabawa ni Comet 4, ambayo East African Airways iliipata mwaka 1960. Injini nne zilizobanwa nyuma karibu na mkia, na mkia wenyewe umeinuka juu sana, ni VC10. Soma pia herufi za ubavuni: VP-K ni Kenya ya mkoloni, 5Y ni Kenya huru. Ndege za shirika letu la pamoja ziligawanywa kwa usajili, kwa hiyo hapohapo Embakasi utaziona 5H za Tanzania na 5X za Uganda, zote zikiwa na simba mmoja. Karatasi yenye kingo zilizokatwa meno meno ni ya miaka ya sitini kurudi nyuma. Na usisahau kivuli. Nairobi iko kusini kidogo tu mwa Ikweta, hivyo adhuhuri ya Juni kivuli huangukia kusini, na adhuhuri ya Desemba huangukia kaskazini. Roshani ya zamani ilitazama ndege kwa upande wa kusini. Mwezi wa picha naweza kukukisia kutokana na hayo tu.

VC10 haikuja Nairobi kwa bahati. Uwanja uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi, joto la mchana likizidi kuipunguza nguvu. Bawa hupata kidogo cha kushikilia, injini nazo hupata kidogo cha kuvuta, kwa hiyo ndege iliyojaa huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Ndiyo maana barabara ya Embakasi ni ndefu hivyo, leo mita 4,117, na ndiyo maana Waingereza waliitengeneza VC10 yenye injini za nguvu kwa ajili ya njia za Afrika. East African Airways ilianza kupokea Super VC10 zake mwaka 1966. Waliozipanda bado wanaziongelea kama mtu anavyomwongelea mchumba wa kwanza.

Urefu huo haukutosha kuokoa kila kitu. Tarehe 20 Novemba 1974, Boeing 747 ya Lufthansa ilianguka mara tu baada ya kuinuka Embakasi, kwa sababu sehemu za mbele za mabawa zinazosaidia kunyanyua ndege hazikuwa zimefunguliwa. Watu 59 kati ya 157 walikufa. Ilikuwa ajali ya kwanza ya 747 kuua watu popote duniani. Picha zake zilikuwa magazetini. Katika albamu za familia sijawahi kuziona, wala sizitafuti.

Mambo mengine yalipita hapo bila kamera. Siku chache kabla ya Uhuru wa tarehe 12 Desemba 1963, wakati mji unapamba barabara, masanduku ya faili za utawala yalipakiwa ndegeni Nairobi yakapelekwa Uingereza, kwa kuwa yalikuwa na mambo ambayo serikali mpya haikutakiwa kuyasoma. Yalifichwa kwa karibu nusu karne. Wazee wa Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza mwaka 2009, wanahistoria walishikilia kwamba kuna faili zinakosekana, na mwaka 2011 serikali hiyo ikakiri kwamba inazo, katika ghala la Hanslope Park. Zilikuwa faili za kambi, za adhabu, za vifo. Juni 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228. Nilimpigia simu yule mama wa Limuru. Mzee wake alikuwa ameshalala.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika la ndege likafa nayo. Mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Kenya Airways ilianza Februari 1977 kwa Boeing 707 za kukodi. Kwa fundi wa picha huu ni mwaka rahisi kuutambua: simba ameondoka kwenye picha ghafla. Kwa mafundi wa ndege wa Tanzania na Uganda waliokuwa wamejenga maisha yao Embakasi, ilikuwa kufunga mizigo na kuwatoa watoto shuleni.

Jengo jipya lilifunguliwa na Mzee Kenyatta tarehe 14 Machi 1978, upande wa pili, kusini mwa barabara ileile ya kurukia. Mzee alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti mwaka huohuo, na uwanja ukachukua jina lake. Jengo lilikusudiwa abiria milioni 2.5 kwa mwaka. Kufikia mwaka 2012 walikuwa wanapita zaidi ya milioni 6, na picha za miaka hiyo zinaonyesha dari zilizoshuka, korido zilizojaa, watu wamekalia mabegi. Alfajiri ya tarehe 7 Agosti 2013 moto ukateketeza ukumbi wa abiria wanaowasili kutoka nje. Kwa siku kadhaa wasafiri wa kimataifa walipokelewa kwenye mahema. Picha hizo zilipigwa kwa simu, maelfu, na nyingi zimeshapotea pamoja na simu zenyewe.

Jengo la 1958 bado lipo upande wa kaskazini, mikononi mwa jeshi la anga, na hakuna raia anayeingia na kamera. Barabara ya kurukia imewekwa lami upya mara nyingi, lakini mstari ni uleule uliochimbwa na wale wafungwa. Kila anayetua Nairobi kwa ndege kubwa, awe mtalii wa Masai Mara au binti anayerudi kutoka kazi za ndani Ghuba, anaushukia mstari huo.

Kwa hiyo nina ombi kwa mwenye albamu. Nyuma ya kila picha ya Embakasi andika majina ya waliomo, kwa penseli laini, maana kalamu ya wino huchapa hadi upande wa mbele. Andika pia majina ya waliokuja na hawakuingia katika picha. Na kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyekuwa Embakasi kati ya 1954 na 1958, kaa naye wiki hii, umuulize alichimba upande gani, alilala wapi, na nani alichimba kando yake. Mrekodi kwa simu yako. Kisha umwombe akae mlangoni kwenye mwanga wa asubuhi, umpige picha ya mikono.